Zamu ya Baba Mkwe

Simu ililia juu ya meza, ikanyamaza, kisha ikajijibu yenyewe.

Mwenye simu hakuinua hata kichwa. Alikuwa amejilaza kwenye kochi na riwaya ya upelelezi kifuani, amefika pale ambapo mpishi anakutwa amekufa na jiko limefungwa kwa ndani. Kumwambia aache hapo akacheze drafti ilikuwa sawa na kumpokonya kijiko mdomoni.

"Umemjibu baba?" mke wake aliuliza kutoka chumbani.

"Nimemjibu."

Iliyojibu ni programu. Kuandika programu ndiyo kazi iliyomweka mjini. Mama mkwe alipofariki, mzee alibaki na nyumba kubwa na saa ya ukutani, basi. Mke akamsihi mumewe acheze naye drafti ya kwenye simu kila jioni, asijione ametupwa. Mume akakubali kwa moyo mweupe. Kisha akaonja riwaya za marehemu, ambazo nusu yake mkewe alikuwa ameileta nyumbani, na moyo ukahama. Jumatatu akaunda programu ya kumshikia zamu. Ilisogeza kete, ikala, na kila ikila ilirusha kijembe: "Baba, leo umekuja kucheza au kutazama?"

Mzee naye hakukubali kulala chali. "Mkwe, kete zako zimekuja na mto na shuka!"

Jumatano mzee akapiga simu. Baada ya msiba mkwe alimfundisha kuandika programu ndogo ndogo, apate cha kushughulisha mikono, na sasa mzee alikuwa na mradi wake: taa ya mlangoni ya kujiwasha.

"Mwanangu, nikitaka kompyuta ingoje kidogo kabla ya kufanya jambo, naandikaje?"

"Ingoje kwa nini, baba?"

"Ikifanya papo hapo, watu watajua si mtu."

Mkwe akamwelekeza.

"Na nikitaka mara ingoje kidogo, mara sana? Kama mtu anayewaza?"

"Kwani taa inawaza, baba?"

"Hii yangu inawaza."

Mkwe alicheka mpaka kitabu kikamwanguka.

Ijumaa simu ililia jioni nzima. "Jamani," mke akasema, akikaa ubavuni mwake, "baba yangu unampenda hivi? Mimi hata kuniangalia huniangalii."

Maneno hayo yalimchoma. Mzee akigundua kwamba ameachiwa mashine kama mtoto aliyeachiwa kikaragosi, ataizima simu na kurudi kwenye saa yake ya ukutani. Akaapa kuifuta programu. Akishamjua tu aliyemuua mpishi.

Jumapili walikwenda kupumzika ziwani, wote watatu. Mke alikusanya simu za mumewe na baba yake akazitia kikapuni zisilowe. Mzee akatandika mkeka, akatoa kitabu.

"Siku hizi unasoma, baba?" mkwe aliuliza.

"Vya mama yenu hivi. Miaka yote alikuwa akicheka peke yake kitandani. Nikimuuliza anacheka nini, ananiambia soma mwenyewe." Mzee akaufuta ukurasa kwa kiganja, ingawa haukuwa na vumbi. "Sasa ndiyo nasoma. Nimeshamaliza sita."

Mkwe alitaka kumuuliza muda anaupata wapi. Akaona swali hilo linaweza kumgeukia mwenyewe, akalimeza, akakunja suruali na kuingia majini.

Jua likalegea. Maji yalikuwa yamemfika magotini alipokumbuka kuwa saa ya drafti imewadia, na programu hajaizima.

Kikapuni simu moja ikalia. Akageuka, akaanza kukimbia, maji yakimrukia hadi usoni. Alikuwa bado hajafika nchi kavu simu ya pili ilipolia. Kisha ya kwanza tena. Kisha ya pili.

Mke akainua kitambaa kilichofunika kikapu. Simu zote mbili zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu, hakuna mkono uliozigusa.

"'Baba, leo umekuja kucheza au kutazama,'" akasoma polepole. Akahamia ya pili. "'Mkwe, kete zako zimekuja na mto na shuka.'"

Akamtazama mumewe, aliyesimama ukingoni akichuruzika maji. Akamgeukia baba yake.

Mzee hakuondoa macho kitabuni. Akafunua ukurasa.

"Eti, mwanangu," akamuuliza binti yake, "nani anaongoza?"