Kuku wa Mwezini

Tangazo rasmi: mimi, Makame Shaali, Bingwa wa Vituko wa Bweni la Twiga, nimeomba vyuo vitatu. Makofi, tafadhali. Yasiwe mengi, maana aliyelipa ni Baba.

Kila ombi hulipiwa kwa kicheko cha mzazi, na kikishachukuliwa hakirudi. Mama alimaliza chake kwa maombi ya dada Tausi. Siku hizi nikimtania husema tu, "Inachekesha," kama anayesoma karatasi ya dawa. Baba alikuwa na kicheko cha kutosha maombi matatu. Nikajaza udaktari, nikajaza ualimu, na nafasi ya mwisho nikaandika Chuo cha Ufugaji wa Kuku, Mwezini.

Baba aliweka dole gumba kwenye fomu zote bila kusoma. "Nakuamini, mwanangu."

Jana Mwezini walijibu kwamba wamenikubali.

"Makame, kumbe ndoto yako ni kuku?" Baba aliuliza. Tayari alikuwa amenishonea koti la baridi.

"Hapana, Baba," nikakiri. "Nilikiandika ili ukisoma ucheke."

Akaichukua fomu, akaisoma polepole kuanzia juu mpaka chini.

"Inachekesha," akasema.