Kwikwi za Baba

Niliingia mbiombio huku nikipiga kelele, "Baba, nimepata kazi! Jumamosi naondoka!"

Nilifanya makusudi. Kwikwi si huondoka kwa mshtuko? Tangu wamwekee mashine ya moyo, baba yangu fundi cherehani alikuwa na kizunguzungu, pumzi fupi na kwikwi zisizoisha. Tulimtania kwamba mashine inamsengenya.

"Hongera, mama," akasema, kisha kwikwi ikamkata.

"Aa, bado zipo? Ngoja nipige kelele tena!"

Akacheka, akaendelea kuchora suruali kwa chaki. Nikainama nimwonyeshe ujumbe kwenye simu, ndipo nikauona mstari wa chaki. Kila kwikwi ilikuwa imeacha jino dogo kwenye kitambaa, na meno yote yaliachana kwa nafasi sawa, kama mshono wa cherehani.

Kwikwi za mtu haziji kwa vipimo.

Mwezi uliopita, walipompasua mara ya pili kuurudisha waya wa mashine mahali pake, muuguzi alituonya: kwikwi zikianza kupiga kama saa, ujue waya umehama tena.

"Baba, ni waya."

"Najua. Tangu Jumatatu."

"Sasa tunangoja nini? Twende hospitali!"

"Nilikwenda. Daktari anasema nyama ya moyo imechakaa." Akapapasa ule mstari kwa kidole. "Kitambaa kikioza hakishiki uzi, hata ushone mara ngapi."

Nikaufunga ule ujumbe kwenye simu.

"Jumamosi ni mbali, mama," akasema. "Waombe uanze kesho, nikusindikize mwenyewe."