Jina la Marehemu na Jiwe la Mwani

Tabutany alijigamba kwamba hajazaliwa wa kumfumania akilipiza kisasi. Siku hizi jina la marehemu hufutwa kila mahali baada ya mwaka, hata kaburini, na anayelitamka hufungwa. Hubaki tu kikipatikana kisukuku kipya cha mwani, yaani mwani wa kale uliogeuka jiwe, kikapewa jina hilo. Mwaka jana Kiptalam alimwibia Tabutany kisukuku cha marehemu mama yake, na tangu hapo Tabutany humwita mama huyo "yule wa kwenye picha."

Sasa ilikuwa zamu ya marehemu baba yake Kiptalam. Kiptalam aliposhuka korongoni kutafuta mawe zaidi, Tabutany alifungua mfuko wa mwenzake akalamba jiwe moja moja. Mengi yalifaa kuzuia mlango tu. Moja, jeupe kama chaki, liling'ang'ania ulimi, kama mwani wa kale ufanyavyo. Akalisaga kwa kisigino mpaka likawa unga, kisha akaanza kupiga mluzi.

"Mwanangu," alisema mama yake Kiptalam, aliyekuwa amewaletea chai, "hebu toa ulimi."

Ulikuwa mweupe pe.

Mama akaketi chini taratibu. "Mume wangu anafutwa kesho. Nimeishi naye miaka arobaini. Sasa niambie, nitakuwa nikimlilia nani?"