Mlango wa Abiria

Mama Ufagio alikataa kufundishwa salamu. Alisema za nini, yeye anataka maneno ya kupanda ndege tu, basi.

Mwalimu, binti aliyefundisha Kihispania sebuleni kwao, alicheka. Hajawahi kuona mwanafunzi anayechagua masomo kama anayechagua nyanya. Lakini mama hakuwa na utani. Tangu ujanani alikuwa akifagia ukumbi wa abiria wa uwanja wa ndege, ndiko alikopatia hilo jina, na matangazo ya Kiingereza yalikuwa yamemkaa kichwani kama wimbo. Aliyatoa moja moja, mwalimu akayageuza. "Boarding" ikawa "embarque." "Gate" ikawa "puerta." "Last call" ilimtoa jasho, maana "última llamada" haikutaka kukaa ulimini, lakini alirudia na kurudia mpaka ikakubali.

"Namfuata mwanangu," alieleza. "Narudi naye nyumbani."

Mtaa mzima ulijua habari za yule kijana. Aliondoka kwa kununa kwenda nchi ya Kihispania, akaapa harudi hata kwa kuburutwa, na simu za mama yake alikuwa akizikata. Mtu wa namna hiyo unamtoaje huko? Binti alimwonea mama huruma, akaona ni heri aseme mapema.

"Mama, na akigoma?"

"Safari hii hatagoma."

Wakaendelea. Mwalimu alitaka kumfundisha kusema "tunapanda," kwa kuwa wakati wa kurudi wangekuwa wawili. Mama alitazama mikono yake iliyochubuliwa na dawa za sakafu, akaomba afundishwe "ninapanda." Hapo mwalimu akajua kwamba hata mama mwenyewe ameshakata tamaa. Anakwenda tu ili asije akajilaumu, masikini wa Mungu.

Siku ya mwisho mama alisema yote bila kukosea, kuanzia foleni mpaka mkanda wa kiti. Hakutabasamu hata kidogo. Mwalimu alimsifu, akamwambia sasa yuko tayari, hakuna tangazo litakalompita, apande salama na ashuke salama.

Mama hakuinuka. Alikaa akipangusa kwa kiganja meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Hayo yote ni ya mlango wa abiria, mwanangu," alisema. "Ya upande wa mizigo sikuwahi kuyasikia, kule tulikuwa haturuhusiwi. Nitawaulizaje kama jeneza limeshapakiwa?"