Nafasi ya Kumi na Mbili

Picha ilisukumwa chini ya mlango Odell Teague akiwa ananyoa ndevu. Aliisikia ikikwaruza zulia. Alipofungua mlango, taulo shingoni, korido ya hoteli ilikuwa tupu mwanzo hadi mwisho.

Ilikuwa picha ya mkewe. Verna yuko mbele ya nyumba yao kule Arkansas, kavaa gauni la kulalia na koti juu yake, kainama kuokota gazeti. Aliyempiga picha alikuwa karibu mno. Hata mvuke wa pumzi yake ulionekana. Nyuma ya picha pameandikwa kwa kalamu: *Tensaw waingie.*

Simu ikaita. Namba ni ileile iliyompigia Alhamisi na Ijumaa.

"Umeamkaje, Kocha?" Sauti ya mwanamume, tulivu, yenye adabu zake. "Mama hajambo. Anatoka nje na ndara kwenye baridi hii, lakini hajambo."

"Wewe nani?"

"Mpenzi wa mpira tu. Leo mnafunga orodha. Nafasi ya kumi na mbili ni ya Tensaw. Ikienda Calder, Kocha, tutasikitika sana."

Akakata.

Odell aliketi kitandani, povu likimkaukia shavuni. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amefundisha mpira wa Kimarekani katika vyuo ambavyo mabasi yake hayakuisha kuharibika njiani. Sasa, uzeeni, alikuwa mmoja wa wajumbe kumi na watatu wa kamati ya kuchagua timu kumi na mbili za kugombea ubingwa wa vyuo. Kumi na moja zilikwisha kupatikana. Kuhusu hiyo moja iliyobaki, magazeti yalikwisha kuhesabu vichwa: sita wa Tensaw, sita wa Calder, na mzee Teague katikati.

Magazeti hayakujua kitu. Moyo wake ulikuwa Tensaw tangu Oktoba. Chuo kidogo, mechi kumi na mbili, ushindi kumi na mbili. Calder walikuwa na uwanja wa watu laki moja na jina la kutetemesha, ila walikuwa wamefungwa mara mbili. Watetezi wao walidai wamefungwa na miamba, ilhali Tensaw wamekula vibonde. Jumanne, mlango wa kamati ukiwa umefungwa, Odell aliwajibu: "Wakubwa wanakataa kucheza na mdogo, halafu mnamlaumu hajawapiga?"

Alimpigia Verna.

"Funga nyumba, nenda kwa dada yako. Sasa hivi."

Verna hakuuliza sana. Aliposikia habari ya picha, alisema, "Odell, wape wanachotaka. Ni mpira tu."

"Si mpira tu."

"Nakujua wewe. Ukiambiwa mvua inanyesha, unaacha mwavuli makusudi. Safari hii nakuomba."

"Nenda kwa dada yako, mpenzi," alirudia, akakata simu kabla hajamsikia akilia.

Angeweza kumweleza mwenyekiti. Lakini alijua sheria: mjumbe aliyetishwa hutolewa nje ya kura, na atakayekuwa ameshinda ni yule aliyempiga Verna picha. Alishuka ngazi kwa miguu, asitake kufungiwa kwenye lifti na mtu asiyemjua.

Ukumbini kahawa ilikuwa imepoa na hakuna aliyegusa vitumbua vitamu vya sukari. Mwenyekiti, Marguerite Boyle, mama mkavu aliyewahi kuongoza michezo chuoni, aliitisha kura. Mikono sita ikainuka kwa Tensaw. Wote wakamgeukia Odell.

Mkono wake ulikuwa mzito juu ya meza. Aliwaona vijana wa Tensaw machoni pake. Kisha akamwona Verna ameinama, na mtu nyuma ya kichaka amemlenga. Wakipewa leo kwa kutisha, aliwaza, mwakani kila mjumbe atapigwa picha mlangoni kwake, na bingwa atachaguliwa na majambazi. Damu ilimpanda. Hajazaliwa wa kumsukuma Odell Teague.

Mkono ulibaki mezani.

"Calder?" Marguerite akauliza.

Odell akauinua.

"Odell, una hakika?"

"Nimeinua au sijainua?"

Saa sita mchana orodha ilitangazwa kwenye televisheni. Kamera ilikaa muda mrefu juu ya vijana wa Tensaw, safu kwa safu ndani ya ukumbi wao wa mazoezi. Jitu moja lenye mabega kama mlango liliweka kichwa katikati ya magoti. Hakuna aliyemfariji. Odell aligeuza uso. Alimpigia Verna, yuko kwa dada yake, mlango umefungwa kwa komeo, salama. Akashusha pumzi ya kwanza ya siku ile. Alikuwa ameshinda. Kwa uchungu, lakini ameshinda.

Simu ikaita. Namba ileile.

Alitoka hadi koridoni, akaegemea ukuta.

"Nimewakatalia," alisema kwa ukali. "Polisi wanapata namba hii sasa hivi. Mkimgusa mke wangu nitawatafuta mmoja mmoja."

Alisikia ngoma kwanza, kisha tarumbeta, kisha maelfu ya watu wakiimba jina moja kwa mdundo mmoja, wakipiga miguu hata simu ikakwaruza: *Calder! Calder! Calder!*

Na ile sauti ya adabu, ikilazimika kupaza ili isikike: "Asante sana, Kocha."