Spika za Kumsikia Abdirahman

Waqo aliizima spika kabla marehemu hajamaliza kuita.

"Si umesikia, dada Mumina? Hii iko sawa kabisa. Nikufungie?"

"Nimesikia nini, na wewe hujaiacha hata ikapumua? Washa tena. Na uongeze sauti."

Mumina alikuwa amekuja na pesa za kitu cha wastani: si spika za kifalme, wala zile za kutupwa kabla Ramadhani haijaisha. Njeru, fundi wa redio, alikuwa amemwonya mapema. Asidanganywe na taa za rangi. Agonge kisanduku asikie kama ni mbao au ni plastiki tupu. Zaidi ya yote, aende na sauti anayoijua, aifungulie mpaka mwisho, maana spika mbovu ikipandishwa hujianika yenyewe.

Sauti aliyoijua ilikuwa kwenye simu yake. Ilikuwa ya kaka yake Abdirahman, akiwaita ngamia kisimani kule Korbesa: "Hooo! Hooo-hai!" halafu mluzi mrefu. Mumina alimrekodi kwa mzaha tu, kwa sababu ngamia wale walikuwa na wazimu wao. Abdirahman akiita, wanakuja mbio kama watoto. Ukiita wewe, hata upasue koo, wanakutazama tu.

Sasa Abdirahman yuko kaburini. Wezi walimpiga risasi, wakaondoka na kundi zima, na nyayo zikapotelea kwenye barabara ya malori.

Baada ya mazishi Mumina alimleta mama yao kwake, Burat. Mama hakulia. Hakula, hakulala, aliomba kitu kimoja tu, amsikie mwanawe akiita. Lakini kale kasimu kalitoa sauti kama nzi aliyefungiwa mkebeni. "Huyo si wangu," mama alisema, akageukia ukuta. Mumina aliogopa hasa. Kama mama hangelia hivi karibuni, wangemzika na yeye pia.

Ndiyo maana alikuja dukani kwa Waqo. Waqo na Abdirahman walichunga pamoja tangu wakiwa na meno ya utoto. Siku ya mazishi Waqo alilia mpaka akashikiliwa. Kisha ni yeye aliyewaongoza vijana kuwasaka wezi, akawapeleka kaskazini, kaskazini, mpaka wakarudi mikono mitupu na miguu imevimba. Mtu kama huyo hawezi kukuuzia takataka.

Ila jamani, wauza wufa, hizi spika za mdundo, wana ugonjwa mmoja, nao ni besi! Wufa ya kwanza, ile yenye taa za disko, ilimfanya Abdirahman aite kutoka ndani ya pipa. Ya pili ilimfanya awe na mafua. Na kila mara, mluzi ukikaribia, mkono wa Waqo ulikuwa umeshafika kwenye kitufe.

"Na zile?" Mumina alionyesha juu ya rafu. Zilikuwa mbili, nyeusi, hazina taa hata moja.

"Zile hazina besi, dada."

"Kaka yangu alikuwa na besi?"

Waqo aliziteremsha polepole, akaziunganisha. Mumina alizigonga. Mbao, tena nzito. Alipoinua kichwa akamkuta Waqo amemnyooshea zile za kuvaa masikioni.

"Sikilizia hapa. Tusisumbue majirani."

"Majirani gani, Waqo? Malori yanapiga honi hapo nje tangu asubuhi. Na mama hatavaa hayo madude."

Waqo alijipangusa shingo. "Basi chukua. Nipe nusu bei. Wallahi, chukua tu uende, mama anangoja."

Machozi yalimlenga Mumina. Masikini, kumbe ilikuwa inamuuma hivyo! Hakuweza hata kuvumilia sauti ya rafiki yake.

"Pole, Waqo. Najua. Lakini nikifika nyumbani zikatoa mkoromo, mama yangu hataniamini mara ya pili. Wacha nisikie."

Kabla Waqo hajajibu, mtu aligonga mlango wa nyuma. Uani lori lilikuwa limewashwa, linanguruma. Ule ua Waqo aliwakodishia wauza nyasi, au ndivyo alivyokuwa akisema.

"Tunapakia ama hatupakii?" mtu huyo aliuliza kwa hasira.

"Nakuja! Dada, usiguse kitu. Nakuja sasa hivi."

Alitoka akaurudisha mlango nyuma yake. Mumina alitazama kitufe cha sauti. Alimtazama kaka yake kwenye kioo cha simu. Ah, potelea mbali. Akakizungusha mpaka kikagoma.

"Hooo! Hooo-hai!"

Subhanallah. Hakuwa ndani ya pipa, wala hakuwa na mafua. Alikuwa Abdirahman mwenyewe, amesimama pale dukani, na hata ile pumzi anayovuta kabla ya mluzi ilisikika. Mumina alifumba macho, akatabasamu huku analia. Leo mama atalia, alijiambia. Leo mama atakula.

Mluzi ukapasua duka zima, ukatoka nje.

Huko uani kitu kizito kikaguna. Kikaitikiwa na kingine, na kingine, kisha kukawa na vishindo na watu wakipiga kelele. Mlango wa nyuma ukasukumwa. Kichwa cha ngamia kikaingia, shingo ikafuata, akageuka huku na huku akimtafuta mwenye sauti.

Waqo alijipenyeza ubavuni mwa ngamia, akampita Mumina bila kumtazama, akaenda kuteremsha mlango wa chuma wa mbele.