Simu Isiyo na Vitufe

"Haina vitufe," Nikodemu alisema, akaigeuza simu mkononi kwa mara ya tatu. "Zile nyingine ziko wapi?"

"Hakuna nyingine, Mzee," Evelyn alimjibu. "Mfumo huu ni mpya. Arusha nzima nimepata aina mbili, hiyo nyeusi na hii nyeupe."

"Hizo ni rangi mbili, mwanangu. Simu ni moja."

Madereva wakacheka. Ilikuwa mwaka 2009, na katika yadi ile ya kampuni ya utalii, Karatu, hakuna aliyekuwa amewahi kumiliki simu ya kugusa. Dereva mwenzao Dennis alikuwa ameshajipiga picha sita.

Evelyn, mwenye kampuni, akaeleza. Ratiba za wageni zitakuja kwa ujumbe, ramani imo humohumo, na redio za mawasiliano za kwenye magari zitang'olewa Jumatatu.

Nikodemu alishtuka. "Redio zing'olewe? Kule chini kreta, bondeni kwenye wanyama, mtandao unashika ukitaka! Na hiki kidude chaji yake haifiki jioni. Mfumo gani huu wenye simu moja? Hata mitumba ya mnadani tunachagua."

Hapo alikuwa na hoja, na wenzake walijua. Tatizo ni kwamba Mzee Niko alishasifika kwa ubishi, na mbishi hata akisema kweli watu humcheka kwanza.

Alikuwa ameendesha watalii miaka ishirini na miwili. Kila kona ya kushukia kreta aliijua kwa mwili wake. Wageni walimpenda kwa mchezo aliouanzisha miaka ya karibuni: atakayemwona mnyama kwanza, soda juu ya dereva. Madereva wengine waliwaonyesha wageni simba. Wa Nikodemu walijitafutia wenyewe, wakarudi makwao wakijiona mashujaa. Yeye alisikiliza tu redio, wenzake wakitajiana simba walipolala, kisha akaelekeza gari huko.

Evelyn alifundishwa kazi na mzee huyu, na kumlazimisha kulimuuma. "Jaribu basi, Mzee wangu. Fungua ratiba ya kesho unisomee. Nimekuandikia mwenyewe."

Nikodemu aliisogeza simu karibu, akaisogeza mbali. Kidole gumba kikapapasa kioo kutoka juu hadi chini. Kioo kilikuwa laini kote.

"Sitaki," alisema. "Nitafutieni ya vitufe, hata iliyotumika."

"Mfumo huu hauna ya vitufe. Na asiyeichukua hawezi kubaki na gari. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyo."

Nikodemu alimfikiria binti yake, Veronika. Chuo cha ualimu kilikuwa kinafunga wiki ile, na baada ya likizo ulibaki mwaka mmoja tu amalize. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumsomesha. Kwa ajili ya mwaka huo mmoja, Nikodemu alikuwa amebeba moyoni jambo ambalo hata mkewe hakulijua. Alijua pia kwamba bila redio hatathubutu tena kupakia watu.

Akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani.

"Miaka ishirini na miwili unaitupa kwa sababu ya simu?" Evelyn aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Ndiyo, mwanangu. Simu."

Hakuna aliyemsindikiza mzee. Walidhani ni kiburi, wakaona bora wamwache nacho. Nikodemu alipita kando ya gari lake bila kuligusa. Moyo ulimuuma kama wa mtu aliyetoka kuzika.

Ilikuwa saa kumi alasiri, jua bado kali. Getini alisimama msichana mwenye begi mgongoni. Alikuwa hatua tatu mbele yake, amefungua mikono, anatabasamu bila kusema neno.

"Karibu, dada," Nikodemu alimwambia kwa adabu. "Kama unaulizia safari, ofisi ni ile pale nyuma yangu."

Veronika alishusha mikono taratibu. "Baba?"